Omeprazoli kwa miaka minne: tumbo langu liko salama?

Swali: Assalamu alaikum daktari. Mimi ni mwalimu, umri wangu miaka 53, nakaa Kisauni. Nina kisukari na natumia metformini. Miaka minne iliyopita nilipatwa na kiungulia kikali, nikapewa omeprazoli ya miligramu 20 kwenye duka la dawa, na tangu hapo sijaiacha. Mwaka huu nimeongeza mwenyewe zikawa mbili kwa siku kwa sababu tumbo hujaa gesi na mbweu haziishi. Nikijaribu kuacha, siku ya tatu kifua chawaka kuliko zamani. Majuzi nilipigwa kamera ya kuingizwa kooni hadi tumboni. Waliona vinyama vidogo tumboni, wakakata kimoja wakapima wakasema si kibaya, na kwamba sina H. pylori, yule bakteria wa tumboni. Sasa mwanangu amenitumia sauti ya WhatsApp inayosema dawa hii huleta saratani ya tumbo. Miguu nayo hufa ganzi, sijui kama yahusiana. Niache? Na Ramadhani niimeze saa ngapi?

Jibu: Waalaikum salaam, dada yangu. Nianze na lile linalokunyima usingizi. Kwa haya uliyoeleza sioni dalili ya saratani, na vinyama ulivyoonyeshwa, ikiwa ni vile ninavyodhani, si mwanzo wake. Lakini pia sioni sababu ya wewe kumeza kapsuli mbili kwa siku. Ulipewa dawa ya kutuliza kiungulia cha majuma machache, ikaendelea miaka minne, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyekaa nawe akakuuliza kama bado waihitaji. Mimi hilo lanitia wasiwasi kuliko dawa yenyewe.

Ukitaka kuielewa dawa hii, fungua kapsuli moja juu ya sahani, ya kutazama tu. Ndani hakuna unga. Utaona chembechembe nyeupe za mviringo, nyingi, na kila moja imepakwa utando wake. Utando huo upo kwa sababu omeprazoli huharibiwa na asidi ileile inayokwenda kuizuia. Chembe hupita tumboni zikiwa zimefungwa, huyeyuka kwenye utumbo mwembamba, dawa huingia kwenye damu, kisha damu huirudisha kwenye ukuta wa tumbo kwa upande wa nyuma, hadi kwenye seli zinazotengeneza asidi. Kila seli ina pampu ndogo nyingi za kusukuma asidi nje. Omeprazoli hujibandika kwenye pampu na kuifunga moja kwa moja. Ndiyo maana dawa yenyewe hutoka kwenye damu baada ya saa chache lakini kazi yake hubaki siku nzima na zaidi: pampu iliyofungwa haifunguki tena, mpaka seli iunde nyingine. Na ndiyo maana chembe hizo hazitafunwi wala kusagwa.

Kuna jambo moja hapa ambalo huwapita wengi. Dawa hufunga pampu zilizo kazini tu, na pampu huamshwa na chakula. Kwa hivyo humezwa nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula, ili ifike wakati pampu zinaamka. Ukiimeza pamoja na chai na mahamri, au mbaazi zikiwa zishashuka, umepoteza sehemu ya nguvu yake. Wagonjwa wengi ninaowaona wakiwa wameongeza dozi wenyewe, ukiwauliza wanaimeza saa ngapi, hukwambia baada ya kula. Hukuniambia wewe waimeza vipi, lakini kabla hatujasema dawa imeshindwa, hilo ndilo la kwanza kulitazama.

Sasa lile la siku ya tatu kifua kuwaka. Hili nitalieleza kwa urefu kwa sababu hapa ndipo watu hunaswa.

Asidi ikipungua tumboni, mwili hautulii. Sehemu ya chini ya tumbo hutoa homoni iitwayo gastrini, ambayo kazi yake ni kuhimiza asidi itengenezwe. Wakati pampu zimefungwa, gastrini hupanda siku baada ya siku bila matokeo, na chini ya msukumo wake seli za kuchochea asidi huongezeka na kunenepa. Ni kama msimamizi wa gati pale Kilindini ambaye hajaambiwa meli imezuiwa nje: kila asubuhi anaona kazi haiendi, anaita vibarua zaidi. Siku meli inapofunga gati, vibarua wote hujitoma kwa mpigo. Ukiacha omeprazoli ghafla baada ya miezi au miaka, pampu mpya huundwa kwa siku chache tu, nazo hukuta seli zilizoongezeka na gastrini iliyo juu. Asidi itakayotoka kwa muda ni nyingi kuliko ile uliyokuwa nayo kabla hujaanza dawa.

Hili si dhana. Mwaka 2009 watafiti wa Denmark walichapisha matokeo ya jaribio la watu 120 wazima, wasio na ugonjwa wowote wa tumbo. Kundi moja lilipewa esomeprazoli, ndugu yake omeprazoli, kwa majuma 8, kisha likabadilishiwa vidonge visivyo na dawa bila kujua. Kundi la pili lilipewa vidonge visivyo na dawa tangu mwanzo. Katika majuma manne ya mwisho, asilimia 44 ya wale walioachishwa dawa walipata kiungulia, asidi kupanda kooni au maumivu ya tumbo, ukilinganisha na asilimia 15 wa kundi la pili. Hebu fikiri: hawa waliingia bila kiungulia, wakatoka nacho, kwa dawa ya miezi miwili tu. Wewe umeimeza miaka minne.

Kwa hivyo moto wa siku ya tatu si ushahidi kwamba ugonjwa wako bado upo, wala si ushahidi kwamba umepona. Ni tumbo linadai deni. Kwa kawaida hudumu majuma mawili hadi manane hivi, wachache huzidi hapo, halafu hupoa lenyewe gastrini ikishuka. Mtu asiyejua haya huacha Jumatatu, Alhamisi hushindwa, hurudia kapsuli, hupata nafuu siku mbili tatu baadaye, na huamini kabisa kwamba hawezi kuishi bila dawa. Muuzaji naye huamini hivyo hivyo.

Tuje kwenye vinyama. Ripoti yako sijaiona, lakini kwa mtu aliyetumia dawa hii zaidi ya mwaka, vinyama vinavyoonekana mara nyingi zaidi ni vya tezi za sehemu ya juu na ya kati ya tumbo, palepale penye seli za asidi. Kwenye kamera huwa laini, vinang'aa kidogo, rangi ileile ya ukuta wa tumbo, milimita 2 hadi 5, na aghalabu huwa kadhaa pamoja. Kipande kikiwekwa chini ya darubini huonekana tezi za kawaida zilizotanuka zikawa vifuko, kwa sababu seli zimenenepa na majimaji hayatoki vizuri. Huo ni mwitikio wa tumbo kwa dawa. Kugeuka saratani ni nadra mno, na kwa watu wengi hupungua au kuisha dawa inapoachwa. Kinachohitajika ni kile walichokufanyia, yaani kukata kimoja na kukipima, kwa sababu kuna vinyama vya aina nyingine tumboni ambavyo kwa jicho tu vyaweza kufanana navyo na ambavyo habari yake si hii. Kikizidi sentimita 1 hutolewa chote. Ikiwa katika familia yenu kuna waliougua saratani ya utumbo mpana wakiwa vijana, mwambie daktari, maana hapo mtazamo hubadilika. Kama hakuna, sioni haja ya kupigwa kamera tena kila mwaka kwa ajili ya vinyama hivyo.

Chukua nakala ya ripoti hiyo, na ile ya maabara, uzitie kwenye bahasha moja uziweke nyumbani. Nasema hivi kwa sababu wagonjwa hunijia wakiwa na risiti za malipo, ripoti hawana.

Kuhusu H. pylori, hapa nina swali. Je, siku ya kamera ulikuwa bado unameza omeprazoli? Kama ndiyo, na sidhani ulikuwa umeiacha, basi jibu la "huna" halijakamilika. Bakteria huyu huishi kwenye ute wa tumbo, na dawa hii humpunguza na kumfukuza kutoka sehemu ya chini, ambako ndiko kipande cha kupima huchukuliwa mara nyingi, akabaki amejificha juu. Kipimo husema hayupo ilhali yupo. Kikiwa kimekatwa kipande chini na kingine juu, vyote vikatazamwa kwa darubini, jibu huaminika zaidi. Uliza. Kama walipima kipande kimoja tu kwa kile kipimo cha kubadilika rangi papo hapo, kipimo cha choo kirudiwe ukiwa umeacha omeprazoli majuma 2 kamili, na hujameza antibiotiki yoyote kwa majuma 4. Katika majuma hayo mawili dawa za maji za kutuliza asidi zaruhusiwa.

Usikubali kuuziwa kile kipimo cha tone la damu ya kidole. Hicho hutafuta kingamwili, na kingamwili hubaki kwenye damu muda mrefu hata baada ya mtu kutibiwa akapona. Nimeona watu wakitibiwa mara mbili, mara tatu, kwa bakteria ambaye alishaondoka.

Mbona naning'inia hapa? Kwa sababu kati ya madhara yote yanayozungumzwa, hili la H. pylori na dawa ya asidi vikikutana ndilo ninaloliheshimu zaidi. Bakteria huyu huambukizwa utotoni, nyumbani, na katika sehemu yetu ya dunia ni watu wengi sana walio naye. Kabla ya miaka ya 1980 madaktari waliamini vidonda vya tumbo ni pilipili na mawazo. Waaustralia wawili, Barry Marshall na Robin Warren, ndio walioonyesha ni bakteria, na mwaka 1984 Marshall alimnywa mwenyewe kwenye kikombe akaugua tumbo ili kuwasuta waliombishia. Walipewa tuzo ya Nobel 2005. (Pilipili bado yalaumiwa Mombasa hadi leo. Huchoma palipo na kidonda, kweli, lakini kidonda haikukichimba.) Mtu mwenye H. pylori akizimiwa asidi kwa miaka, kuvimba kwa ukuta wa tumbo kunakosababishwa na bakteria hupanda kutoka chini kwenda sehemu ya juu ya tumbo, zilipo tezi za asidi. Tezi hizo zikiungua kidogo kidogo kwa miaka hufa, ukuta wa tumbo hunyauka, na hiyo ni mojawapo ya hatua zinazoweza kuelekea kwenye saratani. Ndiyo sababu miongozo ya kimataifa husema anayetarajiwa kutumia dawa hii muda mrefu apimwe H. pylori, na akiwa naye atibiwe. Kwako wewe kuna dalili njema: vile vinyama vya tezi hupatikana zaidi kwenye matumbo yasiyo na bakteria huyu. Huenda kweli huna. Lakini tuhakikishe.

Na hiyo sauti ya WhatsApp. Anayezungumza humo hakuzua kila kitu, ila amekata kipande cha habari akaacha kingine. Hofu ya saratani ilianza kwa panya, kabla dawa haijaingia sokoni mwaka 1988. Panya waliopewa dozi kubwa maisha yao yote walipata uvimbe wa seli zile zinazochochewa na gastrini. Kwa binadamu seli hizo huongezeka pia, lakini watu wametumia dawa hii kwa zaidi ya miaka thelathini na gharika ile ya uvimbe iliyohofiwa haikuonekana.

Baadaye ukaja utafiti wa Hong Kong, uliochapishwa 2017, na nadhani ndio uliolisha sauti hizo nyingi. Walifuatilia watu 63,397 waliotibiwa H. pylori. Kwa miaka zaidi ya 7, watu 153 kati yao walipata saratani ya tumbo, na waliokuwa wakitumia dawa hizi walikuwa na hatari mara 2.4 ya wasiotumia. "Mara mbili na nusu" ndiyo inayosambazwa. Isiyosambazwa ni kwamba katika hesabu hiyohiyo ongezeko ni kama watu 4 kwa kila 10,000 kwa mwaka. Tena wote walikuwa na historia ya H. pylori, na mtu ambaye tumbo lake limeanza kuharibika ndiye huyo huyo anayesikia maumivu akatafuta dawa ya asidi, kwa hivyo huwezi kujua kwa uhakika nini kilitangulia. Upande wa pili, mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya jaribio kubwa lililogawa watu kwa kura: zaidi ya 17,000, nusu wakipewa pantoprazoli, ndugu mwingine wa omeprazoli, na nusu kidonge kitupu, kwa takriban miaka 3. Hakukuwa na tofauti katika kunyauka kwa ukuta wa tumbo, wala mifupa kuvunjika, wala figo, wala nimonia. Kilichoongezeka waziwazi ni maambukizi ya tumbo na utumbo: asilimia 1.4 dhidi ya 1.0. Miaka mitatu haitoshi kufunga mjadala wa saratani, lakini yatosha kukuondolea hofu ya kesho asubuhi.

Hayo maambukizi, tofauti yake yaonekana ndogo kwenye karatasi, ila jaribio lile halikufanywa Kisauni. Asidi ni mlinzi wa kwanza wa utumbo. Salmonela huuawa nayo, na bakteria wa kipindupindu ndiye dhaifu zaidi mbele yake. Mtu mwenye asidi kidogo huhitaji bakteria wachache tu ili augue. Mji wetu mabomba hukauka siku kadhaa, watu hununua maji ya mkokoteni na ya lori, wengine huteka kisimani ambako choo cha shimo hakiko mbali, na kipindupindu si mgeni Pwani. Ikiwa umo kwenye dawa hii, maji ya kunywa chemsha au tia dawa hata kama kila mtu nyumbani anakunywa hivyo hivyo bila kudhurika. Sharubati ya barabarani yenye barafu, na embe lililokatwa likamwagiwa maji ya ndoo, hayo acha yapite. Na ukiharisha maji-maji zaidi ya siku mbili usijitibu na antibiotiki. Mwambie anayekuhudumia kwamba unatumia omeprazoli. Hasa ikiwa ulikuwa umelazwa au umetoka kumaliza antibiotiki, kuna bakteria mwingine wa kuharisha anayependa watu wa hali hiyo.

Gesi na mbweu zaweza kuwa na asili hapohapo. Bakteria waliokuwa wakiuawa tumboni hupita, baadhi hukaa kwenye utumbo mwembamba, huchachisha chakula mapema, na tumbo hujaa. Ila sitaki uniambie daktari kasema ni omeprazoli. Metformini yenyewe hujaza gesi na kulegeza choo. Kisukari cha muda mrefu kinaweza kulifanya tumbo lichelewe kumwaga chakula, ukashiba kwa tonge tatu na kubeua hadi usiku. Kisha kuna mbaazi asubuhi, maharagwe usiku, na chai ya maziwa katikati. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba kuongeza kapsuli ya pili hakutibu gesi. Gesi si asidi. Uliongeza dawa isiyohusika, na kama ina mchango basi umeuongeza.

Sasa miguu. Nashukuru umeitaja, kwa sababu wengi wangeona haihusiani na tumbo. Vitamini B12 hukaa imeshikamana na protini ya nyama, samaki, mayai na maziwa, na asidi ndiyo husaidia kuiachanisha ili ifyonzwe. Utafiti mkubwa wa California uliochapishwa 2013 ulionyesha waliotumia dawa hizi miaka 2 na zaidi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kukutwa na upungufu wa B12. Metformini nayo, kwa njia yake, hupunguza B12. Wewe umebeba zote mbili kwa pamoja. Mtu wa kisukari akisema miguu yafa ganzi, kila mtu hukimbilia kusema ni sukari, na huenda ikawa ni sukari. Lakini upungufu wa B12 hufanya vivyo hivyo na huo hutibika, mradi usiachwe ukaharibu mishipa ya fahamu moja kwa moja. Omba kipimo cha B12 na hesabu kamili ya damu wiki hii, usingoje mpango wa kuacha dawa. Ikipatikana iko chini, vidonge vya B12 hufanya kazi hata kwa mtu mwenye asidi kidogo kwa sababu humo haijafungwa kwenye protini, na palipo na ganzi madaktari wengi huanza na sindano.

Mengine nitayapitia mbiombio. Magnesi yaweza kushuka baada ya mwaka na zaidi, ikaleta kukakamaa misuli na moyo kwenda mbio. Ni nadra, ila kama unatumia dawa za kupunguza maji mwilini ipimwe. Madini ya chuma hufyonzwa vibaya bila asidi. Mifupa na figo vimetajwa katika tafiti za kutazama tu, na kwa wengi hatari ni ndogo. Na omeprazoli hugongana na baadhi ya dawa, kama klopidogreli ya moyo na aina mbili tatu za dawa za virusi vya UKIMWI, kwa hivyo anayetumia hizo asianze wala asiache bila kusema.

Je, uache? Kwanza tujue ulipewa kwa nini, maana kuna watu ambao nikiwaambia waache nitakuwa nimewadhuru: aliyewahi kutapika damu kwa kidonda na bado anahitaji aspirini au dawa kali za maumivu, mwenye umio (mrija wa chakula) uliochubuka vibaya, mwenye umio ambao ngozi yake ya ndani imebadilika kwa asidi ya miaka. Hao faida yao ni kubwa kuliko yote niliyoandika hapa. Soma ripoti ya kamera: kama umio wako uko sawa, huna kidonda, na humezi diklofenaki ya mgongo kila jioni (hili walimu wengi hawalitaji mpaka waulizwe), basi naona uanze kushuka.

Kuna wanaoacha ghafla na kuvumilia, na miongozo haikatazi. Kwa aliyeshindwa tayari kama wewe, mimi napendelea ngazi. Ondoa kapsuli ya jioni, baki na ya asubuhi, nusu saa kabla ya chai, kwa majuma manne. Ukitulia, imeze siku moja na kuruka moja kwa majuma mawili hadi manne. Kisha acha, ukiwa na dawa ya maji yenye aljineti ya kunywa baada ya chakula na wakati wa kulala, au famotidini usiku zile siku kali. Lakini mwenye figo dhaifu aulize kwanza, na famotidini nayo ikimezwa kila siku huzoeleka ikapoteza nguvu. Kipimo cha choo cha H. pylori kifanye hapo, ukishatimiza majuma mawili bila kapsuli. Tarajia kuungua. Andika kwenye kalenda siku ulizoungua. Ukiona zinapungua kila juma, endelea. Miezi mitatu ikipita na bado unawaka kila siku, basi ugonjwa wako ni wa kweli, na dozi ndogo kabisa inayokutuliza ni halali yako bila majuto.

Chakula kisaidie. Kitu kimoja nitakachokuomba ni muda wa chakula cha usiku: saa tatu zipite kati ya tonge la mwisho na kulala. Ukila wali wa nazi saa nne usiku na saa tano uko kitandani, hakuna kapsuli itakayoshinda. Inua kichwa cha kitanda sentimita 15 kwa matofali chini ya miguu ya kitanda, mito peke yake hukunja tumbo. Lalia ubavu wa kushoto. Pilipili, ukwaju, achari na kahawa chungu, jipime mwenyewe. Kuna anayeungua kwa kahawa na kula mihogo yenye pilipili pale Mama Ngina bila neno.

Haya yakitokea usingoje ngazi wala kalenda, nenda hospitali siku hiyohiyo: kutapika damu au kitu cheusi, choo cheusi kinachonata na kunuka vibaya (vidonge vya chuma navyo hukifanya cheusi, vitaje), au kifua kubana kukiwa na jasho na mkono mzito, maana kwa mwanamke mwenye kisukari moyo hujifanya kiungulia. Chakula kukwama unapomeza, kukonda bila sababu, na damu kupungua, hayo ni ya juma hilo. La kukwama nalikazia: saratani ya umio ipo kwa wingi Kenya, hata kwa watu wasio wazee, na dawa ya asidi hutuliza maumivu ikamchelewesha mtu.

Ramadhani. Ukiwa kwenye kapsuli moja, na kwa kuwa mlo mzito wa mwezi ule ni wa jioni, futuru kwa tende na maji, meza kapsuli, swali Maghribi, kisha ukae mpaka nusu saa itimie ndipo uende kwenye futari yenyewe. Kama kiungulia chako hukusumbua zaidi alfajiri, imeze pindi unapoamka na daku uile baada ya nusu saa. Kurudi kulala mara tu baada ya daku ndiko kunakowaunguza wengi, kaa hata kama ni kusoma. Usianzishe ngazi ya kuacha ndani ya mwezi wenyewe. Ukiona uko karibu, subiri baada ya Idi. Na kufunga kwenyewe pamoja na saa za metformini, zungumza na anayekutibu kisukari majuma 6 hadi 8 kabla mwezi haujaandama.